Fahamu: Kobalti ya Kolwezi ndani ya injini ya ndege

Tangu 16 Oktoba 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huuza kobalti nje kwa mgao. Wa mwaka 2026 ni tani 96,600. Wengi huwaza betri za magari. Mhandisi wa injini za ndege huwaza joto.

Mapanga ya turbini huzunguka katika gesi yenye joto linaloweza kuzidi kiwango cha kuyeyusha metali yake. Huokolewa na hewa ya kupoza inayopita kwenye vitundu vyembamba, na aloi ya nikeli ambayo mara nyingi huchanganywa na kobalti. Mei 1978, waasi walipouteka Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti nchini humo, soko lilishtuka na bei ikapanda mara kadhaa. NASA ikaanzisha mradi wa COSAM, wahandisi wakapima aloi zenye kobalti kidogo. Vita vya Kolwezi vilibadilisha kazi ya maabara za Marekani!

Setelaiti nyingi nazo hupita kwenye kivuli cha Dunia kwa nguvu ya betri za lithiamu zenye kobalti.

Mwanafunzi wa uhandisi Lubumbashi anastahili kufundishwa sayansi hii yote, si uchimbaji peke yake. Turbini anazo mkoa jirani: za maji, kwenye mabwawa ya Nzilo na Nseke, huzalisha umeme wa migodi tangu miaka ya 1950.