Shilingi za Kenya Zinazobaki Mfukoni

Ninauza vitenge Arusha, na mzigo huufuata Eastleigh, Nairobi. Nikirudi, shilingi za Kenya nazimaliza kabla ya kuvuka Namanga. Sarafu ndizo huanza kutoka, maana maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayazitaki. Nanunua maji, biskuti, hata sabuni.

Noti nabadilisha kwenye duka lenye leseni, na risiti naidai. Vijana wanaokimbilia mlango wa basi na mabunda mkononi siwapendi kabisa: noti moja ikikunjwa katikati ya bunda huhesabika mara mbili, nawe una haraka, basi linapiga honi. Atakayebadilisha nao azihesabu mwenyewe, moja moja, kabla hajatoa zake.

Usitegemee kuzitumia Arusha. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kulipana kwa fedha za kigeni nchini Tanzania. Kuzilundika kabatini nako ni hatari. Mwaka 2019 Kenya ilifuta noti za zamani za 1,000, mwisho ukiwa 30 Septemba. Aliyechelewa alibaki na karatasi. Mimi naacha nauli ya matatu tu, ya safari ijayo.