Betri Iliyokuwa Ikifa Alhamisi

Gari langu ni saluni ya mwaka 1997, otomatiki. Siku za kazi linalala uani Kimara, mimi napanda mwendokasi kwenda Posta. Linatoka Jumapili kutupeleka kanisani, kisha Alhamisi jioni kumpeleka mke wangu mazoezi ya kwaya. Mwaka jana likaingia kisirani. Alhamisi moja linawaka kwa mguso mmoja, Alhamisi nyingine nageuza ufunguo nasikia tik-tik-tik tu. Na otomatiki haisukumwi, kwa hiyo ni kugonga kwa jirani kuomba waya za kubusti.

Fundi umeme wa kwanza hakupima kitu. "Bosi, betri imekufa hii." Nikanunua mpya, ampea-saa 45. Baada ya wiki tatu ikalala. Akasema nimeuziwa feki. Nikanunua nyingine, nayo ikalala. Laiti ningejua kwamba betri ya gari ikiishiwa kabisa mara kadhaa huharibika kweli, hata kama kosa halikuwa lake.

Fundi wa pili, kijana mpole, alikuja na mita. Injini imezimwa: volti 12.6, betri imejaa. Injini inanguruma: volti 14.2, altaneta inachaji. Basi kuna kitu kinanyonya gari likiwa limelala. Akazima kila kitu, akafungua waya wa hasi kwenye betri, akaweka mita katikati ya waya na betri ili umeme wote upite humo. Waya mwekundu wa mita huchomekwa kwenye tundu la ampea 10, na mtu asiguse ufunguo, maana stata ikivuta tu, fyuzi ya mita inakwenda. Tukasubiri nusu saa, kwa sababu baadhi ya vifaa, hasa alamu za kufungiwa mitaani, huchelewa kulala.

Mita ikasoma ampea 0.03. Hiyo ni saa na kumbukumbu ya redio. Chini ya 0.05 hakuna ugonjwa. Kwa mwendo huo betri yangu ingechukua miezi miwili kuisha. "Gari lako zima, bosi." Tulipima tena wiki iliyofuata, jibu likawa lilelile. Alhamisi yake, tik-tik-tik.

Kosa lilikuwa langu. Kabla fundi hajafika nilikuwa nasafisha gari, natoa makaratasi, viatu, chupa za maji, kila kitu. Yaani nilikuwa namponya mgonjwa mlangoni, halafu naita daktari.

Jumapili moja mvua ilitukuta tukitoka ibadani, sikutoa kitu. Fundi alipokuja jioni, mita ikasoma 0.45. Sijawahi kufurahia ubovu namna ile! Akaanza kung'oa fyuzi moja moja, mimi nasoma. Ya honi, 0.45. Ya redio, karibu hapohapo. Ya taa za ndani: ikaporomoka hadi 0.03. Akairudisha, ikapanda.

Taa ya dari ilikuwa imezima. Ya buti tulichungulia kwa nyuma ya siti, giza. Ikabaki ile ndogo ndani ya kidroo cha dashibodi, mbele ya abiria. Nikafungua nikagusa balbu, ikanichoma kidole. Balbu iliyowaka sekunde ileile haiwezi kuwa na moto ule.

Humo ndani kulikuwa na kitabu cha nyimbo cha mke wangu, kinene, pamoja na faili la kwaya. Kifuniko kilikuwa kinafunga, lakini kilisukumwa kidogo kwa nje, hakikubonyeza kile kitufe cha kuzimia taa. Wiki anazochukua kitabu kwenda kujifunzia nyumbani, gari linawaka. Wiki anazokisahau, balbu ya wati 5 inawaka gizani tangu Jumapili hadi Alhamisi, siku nne, karibu ampea-saa 40 kwenye betri ya 45.

Kwa hiyo msomaji, gari lako likianza mchezo huu, usikimbilie duka la betri. Andika siku lilipogoma, nani alipanda, nini kilibaki ndani, kisha mwite fundi mwenye mita alikute vilevile lilivyolala.

Balbu nimeitoa. Betri ni ileile ya tatu, na kitabu cha nyimbo bado kinakaa humohumo.