Kutambua Chanzo cha Hitilafu katika Injini Ndogo ya Plagi ya Joto: Mpangilio wa Majaribio na Lugha ya Maelekezo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu katika injini ya plagi ya joto, yaani injini ndogo ya mipigo miwili inayoendesha ndege za modeli. Hoja kuu ni kwamba dalili moja ya injini hii huweza kutokana na vyanzo kadhaa, na kwamba sindano ya mafuta, ambayo ndiyo rahisi zaidi kuifikia, inapaswa kuguswa baada ya vyanzo vingine kuondolewa. Makala yanaonyesha mpangilio wa majaribio unaotenganisha vyanzo hivyo, kisha yanajadili maneno ya Kiswahili yanayohitaji kubainishwa ili maelekezo ya ufundi yasipotoshe.

1.0 Utangulizi

Injini ya plagi ya joto ilienea baada ya Mmarekani Ray Arden kuingiza plagi yake sokoni mwaka 1947. Kabla ya hapo, injini nyingi za ndege za modeli zilitegemea betri, koili na plagi ya cheche, vitu ambavyo uzito wake ulikuwa mzigo kwa chombo kidogo. Plagi ya joto huhitaji umeme wakati wa kuwasha tu. Injini ikishashika, betri huondolewa. Ingawa mota za umeme zimechukua nafasi kubwa, injini hizi bado zinatumika na wapenzi wa ndege za modeli katika nchi nyingi.

Kwa watafiti wa elimu ya ufundi, injini hii ina thamani inayozidi ukubwa wake. Ni kifaa kinachoenea kiganjani, lakini ndani yake uwashaji, ulishaji wa mafuta, ulainishaji na upoozaji vimefungamana kiasi kwamba kasoro ya kimoja hujitokeza kwa sura ya kingine. Anayejifunza kuitibu kwa utaratibu hujifunza mantiki ya kutafuta kasoro katika mtambo wowote. Anayejifunza kuitibu kwa kubahatisha hupoteza injini, na mara nyingine ndege nzima.

2.0 Jinsi Injini Inavyofanya Kazi

Mfano unaotumika hapa ni injini ya sentimita za ujazo 6.5, ambayo ni miongoni mwa saizi za kawaida katika ndege za kujifunzia. Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na oili, kwa kawaida asilimia 15 hadi 20, na mara nyingi nitromethani kidogo. Oili huweza kuwa ya mbarika, ya kutengenezwa viwandani, au zote mbili. Hakuna hifadhi nyingine ya oili ndani ya injini.

Plagi ina waya mwembamba uliosokotwa, wenye platinamu. Betri ya volti 1.5 huupasha waya huo hadi uwe na rangi ya chungwa. Baada ya injini kushika, waya hubaki na joto kwa sababu mbili: joto la mwako uliotangulia, na mmenyuko wa methanoli kwenye uso wa platinamu, ambao hufanya kazi ya kichocheo. Hakuna cheche inayopanga wakati wa mwako. Wakati huo huamuliwa na joto la plagi, mgandamizo ndani ya silinda, kiasi cha nitromethani na uwiano wa mafuta na hewa.

Katika makala haya, mchanganyiko wenye mafuta mengi kupita kiasi unaitwa mzito, na wenye mafuta machache kupita kiasi unaitwa mwepesi. Gramu 1 ya methanoli huungua kikamilifu kwa takriban gramu 6.5 za hewa, ilhali gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7. Kwa hiyo injini ya methanoli hunywa mafuta mengi zaidi, na uvukizaji wake huondoa joto jingi. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: oili hupungua, upoozaji hupungua, na mwako huja mapema kuliko inavyotakiwa. Joto huongezeka, nalo huzidi kuwahisha mwako. Ndiyo sababu mchanganyiko mwepesi huua injini haraka, ilhali mzito huipunguzia nguvu tu na kuichafua.

3.0 Mpangilio wa Uchunguzi

Kanuni mbili hutawala hatua zote: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuanza na kile ambacho ni rahisi kukihakiki na ambacho huharibika mara kwa mara.

3.1 Mafuta na plagi

Methanoli hufyonza unyevu kutoka hewani. Chombo kilichoachwa wazi, hasa katika miji ya pwani, huharibu mafuta yake bila dalili ya kuonekana kwa macho. Kabla ya jambo lolote, injini ijaribiwe kwa mafuta mapya kutoka chombo kilichofungwa vizuri.

Plagi hufuata. Waya unaowaka kwa betri hauthibitishi kwamba plagi ni nzima, kwa kuwa uso wake unaweza kuwa umechafuka na kupoteza uwezo wa kichocheo. Jaribio la kweli ni kuondoa betri injini ikiwa inazunguka. Mizunguko ikishuka waziwazi, plagi ni dhaifu, haifai kwa mafuta yanayotumika, au mchanganyiko ni mzito. Kuweka plagi mpya hujibu swali hilo kwa gharama ndogo kuliko kubahatisha.

3.2 Njia ya mafuta

Ndani ya tangi kuna mpira laini wenye kizito mwishoni, ambacho hufuata mafuta ndege inapoinama au kuinuka. Mpira huo ukipasuka, injini huvuta hewa kila mafuta yanaposhuka chini ya ufa. Mpira mwingine hupeleka shinikizo la ekzosi kwenye tangi. Ukichomoka au kuziba, mchanganyiko huwa mwepesi. Tangi lenyewe linapaswa kuwa katika kimo kinachokaribiana na cha sindano. Likiwa chini sana, injini hupata taabu ndege inapoinua pua. Likiwa juu sana, mafuta humiminika kwenye kabureta hata injini ikiwa imesimama. Viputo vinavyoonekana ndani ya mpira wa nje huashiria ufa, au mafuta yanayofanya povu kwa mtikisiko. Povu hutibiwa kwa kusawazisha propela na kulizungushia tangi sponji.

3.3 Uvujaji wa hewa

Hewa inayoingia kupitia shingo ya kabureta au kifuniko cha nyuma kisichokaza hufanya sindano ishindwe kutulia: kipimo kilichofaa jana hakifai leo, na mwendo wa chini hupanda na kushuka wenyewe. Skrubu zote zikazwe kwanza. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, tone la oili likidondoshewa kwenye kiungo chenye ufa, mlio wake hubadilika.

3.4 Sindano

Hatua hii huja baada ya zilizotangulia, na huanza na sindano kuu, ile ya mwendo wa juu. Injini ikiwa inazunguka kwa nguvu zote, mpira wa mafuta hubinywa kwa kitambo kifupi na kuachwa. Mizunguko ikipanda kidogo kabla ya kushuka, kipimo ni sahihi. Ikishuka papo hapo, mchanganyiko ni mwepesi. Ikipanda sana, ni mzito. Kipimo cha mwisho huachwa mizunguko 300 hivi kwa dakika chini ya kilele, kwa sababu angani propela hupungukiwa na mzigo, injini huongeza kasi, na mchanganyiko huelekea kuwa mwepesi.

Baada ya hapo hurekebishwa sindano ya mwendo wa chini. Injini iachwe polepole kwa muda, kisha iongezwe mwendo ghafla. Ikizimika mara moja bila moshi, mchanganyiko wa chini ni mwepesi. Ikisitasita huku ikitoa moshi mwingi, ni mzito. Sindano kuu huhakikiwa tena mwishoni, kwa kuwa sindano hizi mbili huathiriana.

3.5 Hali ya injini yenyewe

Hitilafu ikibaki, ndipo mgandamizo, beringi na ringi huchunguzwa. Tahadhari inahitajika hapa. Injini nyingi zisizo na ringi hutengenezwa zikiwa na silinda iliyosinyaa kidogo upande wa juu. Zikiwa mpya na baridi, pistoni hukaza inapofika juu. Hiyo si kasoro, na kuifungua injini kwa sababu hiyo ni kuiharibu.

4.0 Dalili Moja, Vyanzo Vingi

Umuhimu wa mpangilio huu unaonekana katika dalili ya kawaida: injini inafanya vizuri ardhini, lakini inazimika ndege inapopaa. Anayeanza hufungua sindano. Huenda akapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomficha ukweli. Jaribio linalotenganisha vyanzo hufanyika ardhini. Ndege hushikwa imara pua ikielekea juu, injini ikiwa kwenye nguvu zote. Mizunguko ikishuka, sindano hufunguliwa kidogo na jaribio kurudiwa tangi likiwa limejaa, kisha likiwa nusu. Tatizo likitoweka katika hali zote mbili, chanzo kilikuwa sindano. Likirudi tangi linapofika nusu, chanzo kiko ndani ya tangi au katika kimo chake, na sindano ilikuwa inafunika kasoro tu. Ndege hiyo ikirushwa hivyo, itazimika tena angani, safari hii bila onyo.

5.0 Usalama

Propela ya kipenyo cha sentimita 25.4 inayozunguka mara 12,000 kwa dakika ina kasi ya takriban mita 160 kwa sekunde kwenye ncha. Marekebisho ya sindano hufanywa kutokea nyuma ya propela, na asikae mtu yeyote ubavuni katika mstari wake. Katika jaribio la kuinua pua, anayeshika ndege asiwe ndiye anayebinya mpira.

Mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana. Methanoli ikinywewa hupofusha na kuua. Vifo vya Mei 2014 nchini Kenya, vilivyotokana na pombe haramu iliyotiwa methanoli, ni kumbukumbu ya karibu. Mafuta haya yasivutwe kwa mdomo, na yasiwekwe katika chupa ya kinywaji.

6.0 Lugha ya Maelekezo

Neno «mafuta» katika Kiswahili hujumuisha kinachoungua na kinacholainisha. Katika gari, muktadha huondoa utata, kwa kuwa vitu hivyo vina matangi tofauti. Katika injini hii vimo katika tangi moja. Agizo «punguza mafuta» laweza kueleweka kama kufunga sindano au kupunguza oili katika mchanganyiko, na makosa yote mawili yana gharama. Makala haya yametenga «mafuta» kwa kinachoungua na «oili» kwa kilainishi, neno ambalo gereji zimeshalizoea. Vilevile, «plagi» pekee haitoshi, kwa kuwa plagi ya cheche na plagi ya joto hupimwa kwa njia tofauti. «Kaza sindano» nalo linahitaji tokeo lake: «kaza sindano ili mafuta yapungue».

Orodha ya istilahi, hata ikisanifiwa vyema, haitatui tatizo hili peke yake. Fundi anahitaji sentensi za sharti zinazounganisha dalili, jaribio na uamuzi: ikitokea hivi, fanya hivi, isipotokea, nenda hatua inayofuata. Kiswahili kina viambishi vya -ki- na -sipo- vinavyobeba mantiki hiyo kwa ufupi na uwazi.

7.0 Hitimisho

Injini ndogo inayosuasua hutibiwa kwa kuondoa vyanzo kimoja baada ya kingine: mafuta, plagi, njia ya mafuta, uvujaji wa hewa, sindano, na mwisho injini yenyewe. Wanaoandaa miongozo ya ufundi kwa Kiswahili wanashauriwa kuipanga kwa mfuatano wa maswali yenye majibu, kubainisha maneno yenye maana pana kabla ya hatua ya kwanza, na kuijaribu miongozo hiyo mikononi mwa wanafunzi kabla ya kuichapisha. Mwongozo unaomwezesha mwanafunzi kueleza kwa nini hakugusa sindano utakuwa umemfundisha kazi.