Taa za Motokaa za Zamani na Mwanga Unaopofusha Macho

Wasomaji wetu wa Kitura, wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa wajua jinsi zilivyo barabara zetu. Zapanda milima ya Umatengo, zapinda huku na huku, kisha zateremka hata Mbamba Bay. Siku hizi lami imefika mpaka ziwani, na magari yaenda mbio kuliko zamani, mchana na usiku. Lakini mengi katika magari hayo ni ya siku nyingi, na taa zake zimefifia. Mwenye gari akiona njia haionekani vema, hununua dukani globu iliyo kali kupita zote na kuitia. Yeye huona nafuu kidogo, bali wenzake wanaomjia hawaoni kabisa. Jambo hili lina hatari, na kwa hiyo twapenda kueleza sababu zake na dawa yake.

Jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga mkali ghafula, halirudii hali yake mara moja. Huchukua sekunde kadha wa kadha, na kwa watu wazima wenye umri mkubwa huchukua zaidi. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Basi dereva aliyepofushwa kwa sekunde 3 tu amekwenda mita 66 kama mtu aliyefumba macho. Tena anayedhurika si dereva peke yake. Magari mawili yakikutana, mtu atembeaye kando ya njia hutoweka machoni pa madereva wote wawili. Yeye mwenyewe aona mwanga umejaa pande zote, akadhani kwamba aonekana wazi, kumbe haonekani. Watoto waliochelewa kutoka shule, wanawake warudio kutoka sokoni, na watu wanaopanda na samaki alfajiri, hao ndio walio katika hatari.

Sasa na tueleze kwa nini taa za gari la zamani hufifia. Globu iitwayo H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971, ina nyuzi mbili ndani yake: uzi wa wati 60 kwa mwanga mrefu, na wa wati 55 kwa mwanga mfupi. Globu mbili zikiwashwa mwanga mrefu kwa betri ya volti 12 zataka ampea 10 za umeme. Katika magari mengi ya zamani umeme wote huo hupita katika swichi ya dereva na katika waya nyembamba. Waya zikichakaa na viungo vikiliwa na kutu, nguvu hupotea njiani, kama maji yapoteavyo katika mfereji uliotoboka. Volti zikipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu theluthi nzima. Basi mara nyingi globu si mbovu, ila haipati chakula chake. Kuitia globu ya wati 100 katika waya zile zile ni kuongeza mzigo juu ya punda mgonjwa: waya hupata moto, swichi huyeyuka, na gari laweza kuungua.

Dawa yake ifanywe kwa taratibu hii.

Kwanza, usafi. Kioo cha taa kioshwe, na kioo kikubwa cha mbele ya dereva kifutwe nje na ndani, maana vumbi na mafuta hutawanya mwanga. Litazamwe pia bakuli ling'aalo lililo nyuma ya globu. Likiwa limeingia kutu, hakuna globu iwezayo kulisaidia. Taa nzima haina budi kubadilishwa. Katika Land Rover na Land Cruiser nyingi za zamani zenye taa za mviringo zenye upana wa sentimeta 18 hivi, kazi hiyo si ngumu. Lakini mnunuzi na aulize kama taa ile ilifanywa kwa nchi zinazopita kushoto. Mwanga mfupi wa taa nyingi huinuka kidogo upande wa ukingo wa njia. Taa ya nchi zinazopita kulia, kama Ujerumani na Ufaransa, ikitumiwa Tanzania, huinua mwanga upande wa kulia, ndani ya macho ya anayekuja. Taa za Japani zatufaa, kwa kuwa huko nako hupita kushoto kama sisi.

Pili, waya. Fundi atoe waya mnene kutoka katika betri, autie fyuzi karibu na betri yenyewe, kisha aupitishe katika rilei hata kwenye taa. Swichi ya zamani itabaki kuamuru rilei tu. Waya za kurudisha umeme kwenye bodi nazo zisafishwe. Mara nyingi globu ile ile ya zamani itang'aa kama mpya.

Tatu, kulenga. Gari lisimame mahali sawasawa, upepo wa magurudumu ukiwa kamili na dereva amekaa kitini, mita 10 kutoka ukutani. Pigeni ukutani mstari wa chokaa ulio sawa kwa urefu na katikati ya taa. Ukingo wa juu wa mwanga mfupi uwe sentimeta 10 chini ya mstari ule. Kumbukeni pia kwamba gari lililopakiwa magunia ya kahawa nyuma huinua pua yake, na mwanga huinuka pamoja nayo. Taa iliyolengwa gari likiwa tupu yaweza kupofusha likiwa na mzigo.

Nne, globu. Globu za LED zitiwazo katika bakuli lililofanywa kwa uzi wa H4 mara nyingi hutawanya mwanga juu na kando, kwa sababu kiini cha mwanga hakikai mahali pale pale. LED ni njema katika taa iliyofanywa nzima kwa ajili yake.

Dereva naye ana wajibu wake. Na ashushe taa mapema akutanapo na mwenzake, afuatapo gari jingine, na kabla hajafika kileleni mwa mlima. Akipofushwa apunguze mwendo, atazame ukingo wa kushoto wa njia, wala asilipize kisasi kwa taa zake, maana vipofu wawili hawapishani salama. Katika ukungu wa milima yetu atumie mwanga mfupi, kwa kuwa mwanga mrefu hurudishwa na ukungu machoni pake.

Wenyeviti wa vijiji na walimu waweza kusaidia kwa jambo jepesi. Ukuta mmoja wa shule au wa ghala la kahawa, uwanja ulio sawasawa mbele yake, kamba ya mita 10 na chokaa kidogo vyatosha kupimia taa za magari na pikipiki zote za kijiji katika jioni moja. Nao watoto wafundishwe kutembea upande wa kulia wa njia, wakiyaelekea magari yajayo, na kuvaa au kushika kitu cheupe usiku.