Unukuzi wa Kitabibu Nyumbani: Kazi ya Sikio katika Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Neno "unukuzi" limezoeleka miongoni mwa wanaisimu kwa maana ya kuandika matamshi kwa alama za kifonetiki. Katika makala haya tunalitumia kwa maana iliyo jirani na hiyo, yaani kazi ya kusikiliza maneno ya daktari, mgonjwa au mtafiti wa afya yaliyonaswa katika chombo cha sauti, na kuyaandika mpaka yawe waraka wa kudumu. Kazi hii ina malipo, na mtu aweza kuifanya akiwa nyumbani kwake Wote, Mwingi au Kibwezi, mradi ana kompyuta, umeme na intaneti.

Vijana wanaotafuta riziki aghalabu huelezwa kwamba hii ni kazi ya wepesi wa vidole. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni kazi ya lugha kwanza, na ya vidole baadaye. Aidha tutajaribu kuonyesha kwamba, kwa mkaazi wa Ukambani, tumaini kubwa haliko katika kuandika Kiingereza cha madaktari wa ng'ambo, bali katika kunukuu Kikamba na Kiswahili cha wagonjwa wa hapa. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi idara za lugha zina deni ambalo hapana budi zilipe.

2. Asili ya kazi

Kuandika maneno yaliyosikiwa si jambo geni Kitui. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alifika huko kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, na mwaka 1850 alichapisha orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa mojawapo. Naye alikuwa mnukuzi: alisikia sauti ambazo lugha yake haikuwa nazo, akalazimika kuamua aziandike vipi. Tatizo lake ndilo la mnukuzi wa leo.

Unukuzi wa kitabibu kama kazi ya kuajiriwa ulikua katika hospitali za Marekani na Uingereza. Daktari alitoa imla kwenye kinasa sauti, na karani akapiga chapa. Mwaka 1978 wanukuzi wa Marekani waliunda chama chao. Ulipoenea mtandao wa intaneti, sauti zilianza kupelekwa India, Pakistani na Ufilipino, ambako wajuzi wa Kiingereza walikuwa wengi na ujira ulikuwa mdogo.

Kenya iliingia baadaye, kwa sababu ya njia ya mawasiliano. Hadi mwaka 2009, nyaya za kwanza za chini ya bahari za intaneti zilipofika Mombasa, nchi ilitegemea setilaiti, na gharama yake haikumwezesha mtu wa kawaida kupokea sauti ndefu nyumbani. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, na unukuzi ukawa miongoni mwa mafunzo yake. Kitui na Makueni, kaunti ambazo kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 zilikuwa na wakaazi zaidi ya 2,100,000, ni nchi ya mvua chache, ambako msimu ukikosa jamaa humtazamia aliye na mshahara. Ndiyo sababu kazi isiyongoja mvua husikilizwa kwa hamu.

3. Jinsi kazi ifanywavyo

Mnukuzi huvaa visikizi, hufungua sauti katika programu maalumu, na huiendesha kwa funguo za kompyuta au kwa kanyagio la mguu, mfano wa lile la cherehani, ili mikono isiache kuandika. Husikiliza maneno machache, huandika, hurudi nyuma kidogo, huendelea. Akimaliza husikiliza tena tangu mwanzo, waraka ukiwa mbele yake. Marudio haya ya pili hayana hiari, kwani ndiyo yanayofichua makosa ambayo sikio lililochoka liliyapitisha.

Katika imla ya Kiingereza, istilahi nyingi zimejengwa kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini, na tofauti ya maana hubebwa na silabi moja. Kiambishi "hypo-" humaanisha upungufu, na "hyper-" humaanisha kuzidi. Daktari anayesema upesi huwezi kumtenganishia hivyo viwili ila kwa kuangalia muktadha wa ugonjwa na dawa. "Dysphagia" ni ugumu wa kumeza; "dysphasia" ni ugumu wa kusema. "Ileum" ni sehemu ya utumbo, na "ilium" ni mfupa wa nyonga, nayo hutamkwa sawasawa. Vivyo hivyo nambari 15 na 50 zikitamkwa kwa Kiingereza hukaribiana, na kosa katika kipimo cha dawa si kosa la tahajia tena.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kazi ni hii: lisilosikika lisikisiwe. Mnukuzi huacha nafasi, huandika dakika na sekunde ya pale palipo na shaka, na humrudishia mwenye sauti. Wahariri wa hati za kale wanaielewa adabu hii, kwani mhariri mwaminifu huonyesha palipoliwa na mchwa, wala hapajazi kwa maneno yake.

4. Kuhusu kipato

Hapana budi kutofautisha dakika ya sauti na dakika ya kazi. Mlipaji huhesabu ya kwanza. Mnukuzi hutumia ya pili. Sauti safi ya dakika moja humchukua mzoefu kiasi cha dakika 4, na mwanafunzi dakika 6 au zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu akilipwa shilingi 40 kwa dakika ya sauti, rekodi ya dakika 30 itampa shilingi 1,200. Akiimaliza kwa saa 2, amepata shilingi 600 kwa saa. Akiimaliza kwa saa 3, amepata 400. Na akirudishiwa airekebishe kwa saa 1 nyingine, amebakiwa na 300, kabla ya kutoa gharama za intaneti na umeme. Katika Marekani hesabu ya kawaida ya imla za madaktari imekuwa ya mstari wa herufi 65, lakini kanuni ni ile ile: umakini hulipa kuliko haraka, kwa sababu marekebisho hayana malipo.

Anayeanza na ajiulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Je, kazi yenyewe ipo, au kinachouzwa ni mafunzo ya kazi? Je, malipo huja kwa njia gani na baada ya siku ngapi? Je, jina lililo kwenye mkataba ni lake? Swali la mwisho si la bure, maana kuna biashara ya kuuza na kukodisha akaunti za majina ya watu wengine, na anayenunua akaunti hiyo hana haki anayoweza kuidai siku itakapofungwa.

Pia ni wajibu kusema wazi kwamba soko la imla ya Kiingereza linapungua. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ilizihimiza hospitali kutumia majalada ya kielektroniki, na tangu hapo mitambo ya kutambua usemi imechukua sehemu kubwa ya kazi. Aliyekuwa mnukuzi amegeuka kuwa msahihishaji wa maandishi ya mashine, na mstari wa kusahihisha hulipwa kidogo kuliko mstari wa kuandika. Kumshauri kijana auze mbuzi anunue kompyuta kwa ajili ya soko hilo peke yake, bila kumwambia haya, si haki.

5. Penye uhaba wa mashine

Ipo hata hivyo sauti nyingine. Watafiti wa afya wanapofanya kazi vijijini huwahoji akina mama, wagonjwa na wahudumu kwa Kikamba au kwa Kiswahili, nao huhitaji mahojiano hayo yanukuliwe na kisha yatafsiriwe kwa Kiingereza. Kikamba hakina hazina ya sauti inayokaribia ile iliyofundishia mashine za Kiingereza. Hapa mwenyeji ana ubora ambao mnukuzi wa Manila au Karachi hawezi kuwa nao.

Lakini kuizaliwa lugha si kujua kuiandika. Kikamba kina irabu saba, na alama za ĩ na ũ ndizo zitofautishazo nne kati yake. Wengi huziacha wanapoandika katika simu, na wakiulizwa kuzirudisha hawana hakika. Urefu wa irabu nao hubadili maana. Herufi "th" ya Kikamba hutamkwa karibu na "dh" ya Kiswahili, hivyo mtu aliyesomea Kiswahili pekee huiandika kama aisikiavyo, na waraka mmoja ukawa na tahajia mbili. Tena ipo tofauti ya lahaja baina ya Kitui na upande wa Masaku, na mnukuzi hana ruhusa ya kuyasawazisha maneno ya mgonjwa yafanane na ya kwao.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa maana. Kwa Kiswahili "mkono" ni kuanzia begani hadi vidoleni, na "mguu" ni kuanzia nyongani hadi unyayoni. Kikamba nacho husema "kwoko" na "kũũ" kwa upana huo huo. Kiingereza hugawa kila kimoja mara mbili. Mgonjwa akisema mguu umevimba, mfasiri hulazimika kuchagua, naye hana haki ya kuchagua asichokiona. Lililo sawa ni kuandika "mguu" katika unukuzi, na kuweka swali katika tafsiri. Hali kadhalika "homa": kamusi husema ni joto la mwili, lakini wasemaji wengi wa Kenya huitumia kwa mafua. "Presha" na "sukari" ni majina ya magonjwa katika kinywa cha mgonjwa, ilhali daktari hutumia istilahi nyingine. Na "degedege" hubeba ndani yake imani ya kale kuhusu ndege amsumbuaye mtoto, imani ambayo mtafiti huenda ndiyo aliyoitafuta. Mnukuzi anayeandika moja kwa moja kwa Kiingereza huyafuta yote haya, na hakuna atakayejua kwamba yalikuwapo.

Kutokana na hayo, unukuzi na tafsiri ni kazi mbili. Anayeombwa atoe Kiingereza bila kuandika Kikamba kwanza anafanya mbili kwa malipo ya moja, na kazi yake haiwezi kukaguliwa na mtu wa pili. Yafaa adai malipo ya kila moja, na sababu yake aieleze kwa utaratibu.

6. Siri ya mgonjwa

Kufanya kazi nyumbani kuna hatari yake. Katika mji mdogo sauti hutambulikana, na maelezo kwamba mgonjwa ni mwalimu mwenye mapacha yatosha kumtaja. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huyahesabu maelezo ya afya kuwa data nyeti, na sheria ya Marekani ya mwaka 1996 kuhusu habari za wagonjwa huwabana pia wakandarasi wa hospitali. Kwa mnukuzi maana yake ni mambo ya kawaida: sauti isichezwe kwa spika, kompyuta iwe na neno la siri, faili zisipitishwe kwa simu ya mwingine, na zifutwe kazi ikikubaliwa.

Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa Karachi, aliyekuwa akinukuu kumbukumbu za hospitali moja ya San Francisco kupitia msururu wa mawakala, alitishia kuzianika majalada ya wagonjwa hadharani kwa sababu hakuwa amelipwa. Kitendo hicho hakina utetezi. Hata hivyo kilifundisha kwamba siri ya mgonjwa haiwezi kulindwa na msururu ambao kila kiungo chake hukata fungu lake, na wa mwisho akabaki mikono mitupu. Ujira wa haki ni sehemu ya ulinzi wa siri.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba unukuzi wa kitabibu ni kazi halali inayoweza kumpa mtu kipato nyumbani, lakini si mlango wa utajiri, na upande wake wa Kiingereza unazidi kuwa mwembamba. Anayetaka kuianza katika Kitui au Makueni na aanze kwa kujipima sikio: achukue rekodi ya nusu saa ya Kikamba, ainukuu kwa tahajia kamili, ahesabu saa alizotumia, kisha mtu mwingine amsahihishe. Zoezi hilo halina gharama, na litamwambia ukweli kabla hajakopa.

Kwa upande wetu, mambo matatu yahitajiwa. Tahajia ya Kikamba ifundishwe kwa watu wazima, si katika madarasa ya chini pekee. Istilahi za mwili na magonjwa zikusanywe kama zinavyosemwa na wagonjwa, zikiwa na mipaka ya maana yake, katika Kikamba na Kiswahili. Na mazoezi ya unukuzi yatoke katika fonetiki na kuingia katika usemi wa kliniki. Katika Kitui kipo chuo kikuu kizima, kilichopata hati mwaka 2013, na hospitali za kaunti zote mbili hazichoki kupokea watu wanaosema wanavyoumwa. Wasemaji wapo na masikio yapo. Kinachosubiriwa ni mwalimu wa kuyafunza masikio hayo, naye ni mwanalugha.