Mgeni asiyekula ngano na soko la Kisorya

Duniani, karibu mtu mmoja katika kila mia ana ugonjwa wa seliaki. Akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba. Tiba yake ni kuacha nafaka hizo maisha yote. Akisafiri Ulaya husaka migahawa maalumu, na mkate usio na ngano huulipia zaidi ya ule wa kawaida.

Kisorya, wilayani Bunda, hakuna mgahawa wenye bango la chakula kisicho na gluteni. Lakini anayesubiri kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe, akaagiza ugali wa udaga (muhogo uliovundikwa na kukaushwa) na mtama kwa sato wa kuchemsha, amepata mlo usio na gluteni kwa bei ileile ya kila mtu. Wali, ndizi na viazi vitamu navyo ni salama. Bidhaa ambayo wengine huiuza kwa bei ya ziada, mama lishe wa Kanda ya Ziwa anaiuza kila siku bila kuitangaza.

Taabu huanza asubuhi. Chapati na maandazi ni ngano tupu. Kitumbua ni cha mchele, ila wapo wanaotia unga wa ngano kidogo ili kishikane. Uji wa ulezi haudhuru. Ule wa unga wa lishe lazima uulizwe umechanganywa na nini. Mchana hatari iko kwenye karai: sangara aliyekaangwa kwa mafuta yaliyotoka kukaangia maandazi si salama tena, hata kama hakupakwa unga. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, chakula kisicho na gluteni hakipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na hapo makombo machache tu yanaharibu hesabu.

Tusidanganyane: wageni hawa ni wachache, na anayejenga mgahawa kwa ajili yao peke yao atafilisika. Lakini geti la Ndabaka la Serengeti limo wilaya hiihii, na mtaji unaotakiwa ni karai la pili, mwiko wake na jibu la kweli kwa mteja. Tena muhogo wa udaga na mtama hulimwa hapa, wakati ngano nyingi ya Tanzania huagizwa nje. Vita vya Ukraine mwaka 2022 vilipopandisha bei yake duniani, wauza maandazi ndio walioumia.

Waongoza watalii, kabla hamjaulizia bei ya samaki, ulizeni karai limekaanga nini asubuhi.