Vidonge vya maungio vya mbwa: je, ni salama?

Mbwa mzee akianza kuchechemea asubuhi, mwenye mbwa hukimbilia simu, na muda si mrefu anakutana na tangazo la vidonge vya maungio. Ndani yake mara nyingi mna glukosamini, inayotolewa kwenye magamba ya kamba na kaa, pamoja na kondroitini ya kwenye gegedu za ng'ombe au papa. Ampe, au asimpe?

Kwa kipimo kilichoandikwa, mbwa wengi hawadhuriki. Ikizidi sana ni kutapika kidogo au kuhara. Balaa ni kwamba vingi vinatengenezwa vikiwa na ladha ya nyama au ini, kwa hiyo kwa mbwa hiyo si dawa, ni peremende. Akilipata kopo analimaliza, na madaktari wa mifugo wameshaandika kuhusu mbwa walioumia ini baada ya karamu ya namna hiyo.

Utaniambia, basi si nimpe vya kwangu, glukosamini si ileile? Ni ileile, lakini baadhi ya bidhaa za binadamu zinatiwa zailitoli, kitu cha kuleta utamu badala ya sukari. Sisi haitudhuru. Kwa mbwa, kongosho linamwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu inaporomoka, na anaweza kuanza kuyumba au kupata degedege ndani ya saa moja. Ini nalo linaweza kuharibika. Nyingine zina vitamini D nyingi, ambayo ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuua figo. Ibuprofeni na diklofenaki za kabatini ndiyo usiguse kabisa: zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Halafu kuna suala la kama vinafanya kazi. Marekani, kwa mfano, vidonge hivi vinauzwa bila mtengenezaji kulazimika kuthibitisha kwanza kwamba vinatibu, tofauti na dawa. Mwaka 2022 watafiti wa Montreal, Kanada, walikusanya tafiti zilizokuwepo: mafuta ya omega-3 yalionyesha nafuu, glukosamini na kondroitini hazikuonyesha. Kwa hiyo mbwa anaweza kumeza vidonge miezi 3 huku akiendelea kuumia, na goti lililochanika halijaonwa na mtu. Mimi hilo linanitisha kuliko kuhara.

Uzito, kwa upande mwingine, una ushahidi mzuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, nusu yao wakila robo pungufu kuliko wenzao. Hao wembamba waliishi karibu miaka 2 zaidi, na ugonjwa wa maungio ukawachelewa.

Na kama kopo limeshaliwa, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na kopo lenyewe ulibebe, asome kilichomo.